Usikimbilie Kufomati: Habari ya Diski ya Nyumbani Kwetu

Mwezi huu nimeomba nafasi kwenye gazeti letu niandike habari ya kompyuta, na najua wapo watakaogeuza ukurasa wakisema hayo ni mambo ya vijana. Msigeuze kwanza. Siku hizi hata bibi asiyejua kuwasha kompyuta ana vitu vyake ndani ya kompyuta ya mtu fulani: picha za harusi, picha za msiba, buletini za watoto, diploma ya marehemu iliyopigwa picha kabla mchwa hawajaimaliza. Kompyuta hiyo ikiugua, anayeumia si mwenye kompyuta peke yake.

Mimi ni mwalimu, na wengi hapa Nyarugusu wananijua kwa kazi hiyo. Nyumbani nina kompyuta ya mezani, au ordinatere kama wanavyosema wazee wetu waliosoma Kifaransa. Niliinunua mwaka 2011 ikiwa imeshatumika. Ina hadi diski ya gigabaiti 80 iliyogawanywa sehemu mbili, C na D, na ilikuwa na ramu mbili za megabaiti 512 kila moja. Kijana wa leo akisikia hivyo anacheka, maana simu yake ya mfukoni inashika zaidi. Lakini inawaka. Jioni jenereta ya jirani ikiwashwa tunachanga mafuta, na watu wanakuja na flashi zao na kadi zao za kamera. Imekuwa kama kabati la klasta nzima.

Ndani ya kabati hilo mimi nina kitu kimoja ambacho siwezi kukinunua popote. Mwaka 2014 nilimkalisha marehemu mama chini ya mwembe, nikaweka simu pembeni, akataja majina ya wazee wa ukoo wetu kwa Kibembe, baba wa baba na kuendelea juu, vizazi saba. Kisha akaeleza tulivyotoka Fizi mwaka 1996 na kuvuka Ziwa Tanganyika. Dakika 40 hivi. Mama alifariki mwaka 2017, na simu ile haipo tena. Watoto wangu wamezaliwa hapa hapa kambini. Wakiuliza sisi ni akina nani, nawafungulia ile sauti ya bibi yao.

Sasa, mwezi wa pili mwaka 2024, kompyuta ikaanza mambo.

Kwanza zilikuwa picha. Unafungua picha, nusu ya juu ni nzuri, nusu ya chini ni kijivu tupu, au rangi zimehama, mtu mweusi amekuwa wa kijani. Halafu barua. Barua niliyoiandika mwenyewe inafunguka ikiwa na viboksi na alama za kuuliza katikati ya maneno. Mara kompyuta inaandika kwamba folda imeharibika na haisomeki. Na ajabu kuliko yote, picha iliyoharibika jioni, kesho yake ukiwasha unakuta imepona! Jioni tena, nyingine imeharibika. Watoto wakaanza kusema kompyuta ina mizimu.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Wa kwanza walisema ni virusi. Hili nalo si la kudharau, kwani flashi zetu zinazunguka mno. Kuna kirusi maarufu kinachoficha mafolda yako yote na kukuwekea vijifaili vidogo vyenye majina yale yale. Mtu anadhani vitu vimefutika kumbe vimefichwa tu, na amri ya zamani ya attrib inavirudisha. Lakini kirusi cha namna hiyo hakikati picha katikati. Tulipitisha programu ya kusaka virusi, ikasafisha ilichokikuta, na ugonjwa ukabaki.

Wa pili alikuwa fundi mmoja wa nje ya kambi. Aliiangalia kwa dakika kumi, akasema diski imekufa, nimwachie aifomati, aweke Windows upya, na ikikataa tununue diski nyingine. Nikamuuliza, na vitu vilivyomo? Akasema, “Mwalimu, hivyo vimeshakwenda.” Nikamshukuru, nikabeba kompyuta yangu nikarudi nayo nyumbani.

Ngoja niseme kidogo juu ya diski yenyewe, ili tuelewane. Ndani ya kile kisanduku cha chuma kuna sahani zinazozunguka kwa kasi, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake vichwa vidogo vinavyosoma na kuandika vikielea bila kugusa, kwa nafasi ndogo kuliko hata punje ya vumbi. Ndiyo maana diski inayofanya kazi haitikiswi, haipigwi kofi kama redio, na wala haifunguliwi kwa bisibisi eti uone ndani kuna nini. Diski inayokufa kweli mara nyingi ina dalili zake. Inagonga tik-tik-tik, inachukua dakika nzima kufungua faili dogo, au kompyuta inaiona leo na kesho haiioni. Ukisikia kugonga, zima. Usiiwashe tena ili kuhakikisha. Kila unapoiwasha unaweza kuwa unakwangua kilichobaki.

Yetu haikugonga. Ilikuwa kimya kama siku zote. Hilo ndilo lililonitia mashaka na ile hukumu ya fundi.

Nikamwita kijana mmoja anayetengeneza simu huku kwetu, niliyewahi kumfundisha darasa la tano. Alikuja na laptopu yake na mkoba wa vifaa. Alipokaa tu, mwanangu mkubwa akataka kumwonyesha, akanyosha mkono kwenye kitufe cha kuwasha. Kijana akamshika mkono.

“Mdogo wangu, hapana. Mwalimu, tangu ianze kuugua mmeandika nini ndani?”

Nikamwambia kwamba siku nne zilizopita mtoto alikuwa amepanga mafaili vizuri, amehamisha vitu vyote vya familia kutoka C kwenda D. Na jirani yetu mmoja alikuwa ameleta picha za harusi ya binti yake, tukazihamisha kutoka kwenye kadi ya kamera.

“Basi tangu sasa isiandikwe hata herufi moja. Tuitoe diski, tuinakili yote kama ilivyo, ndipo tuanze kuuliza ugonjwa.”

Nimelikumbuka neno hilo kwa sababu ni kinyume cha tunavyofanya wote. Sisi kompyuta ikileta shida tunaanza na dawa. Wenye kujua kidogo wanaandika chkdsk, ile amri ya Windows ya kurekebisha diski, wanaiacha itembee usiku kucha. Kumbe chkdsk haikutengenezwa kuokoa barua yako. Kazi yake ni kulinganisha daftari la diski, yaani orodha inayosema faili gani liko wapi, na yale iliyoyakuta. Ikiona ukurasa wa daftari haueleweki inaukata, na vipande vya mafaili yako inavitupa kwenye folda inayoitwa FOUND.000, kila kipande na jina kama FILE0000.CHK. Baada ya hapo diski ni safi kabisa, na wewe unashika kichwa.

Tukaitoa diski. Kijana aliiunganisha kwenye laptopu kwa kifaa cha kugeuza kebo ya zamani kuwa USB, chenye chaja yake. Hakuiwasha laptopu kwa Windows. Aliiwasha kwa Linux iliyokuwa kwenye flashi, kwani Windows ikiona diski mpya huwa inapenda kuandikaandika vitu vyake humo bila kukuomba. Kisha akatumia programu inayoitwa ddrescue, ambayo ni ya bure. Hiyo inanakili diski nzima, tarakimu kwa tarakimu, kuweka kwenye diski nyingine kubwa. Ikikuta mahali pabovu inaparuka kwanza, inachukua pazuri pote, halafu ndiyo inarudi kuhangaika na pale pabaya. Kwa diski mgonjwa hiyo ni hekima, maana huenda ikafa katikati ya kazi.

Tulikaa kama saa moja na nusu tukiangalia namba zinapanda. Mwenye jenereta alikuwa ameombwa asizime mpaka tumwambie, na mke wangu alikuwa anampelekea chai. Mwisho ikaandika: makosa, sifuri. Diski nzima ilisomeka bila hata sehemu moja kugoma.

Kijana akatazama pia kile ninachoweza kukiita cheti cha afya cha diski. Kila diski ya miaka ya karibuni inajiwekea hesabu ya matatizo yake yenyewe, inaitwa SMART, na kuna programu za bure za kuisoma. Namba 5 inaonyesha sehemu ngapi zimeshaharibika zikahamishwa. Namba 197 inaonyesha sehemu ngapi zinasubiri kuhukumiwa. Namba 199 inahesabu makosa ya njiani, yaani kwenye kebo. Kwetu 5 na 197 zilikuwa sifuri. 199 ilikuwa na makosa machache, akasema kebo imelegea na ina vumbi, lakini makosa hayo diski inayagundua yenyewe na kuomba itumiwe upya, hivyo hayawezi kuleta balaa kama letu.

Ndipo akafungua ile nakala kwenye laptopu, akaingia kwenye folda ya picha.

Jamani, picha zilikuwa nzima! Siyo zote, nitafika huko, lakini picha ambazo mimi kwa macho yangu niliziona zimekatwa katikati, zilikuwa nzima kabisa. Picha ya mama amekaa kwenye mkeka, ambayo nilikuwa nimeshaililia moyoni, ilikuwa nzima, hadi vidole vya miguu. Mke wangu alipiga vigelegele, jirani wakaja kuuliza kuna nini.

Sasa ikiwa diski ni nzima na picha ni nzima, nani alikuwa anaziharibu? Hapa lazima msomaji ujue jambo moja. Kompyuta haikuonyeshi picha moja kwa moja kutoka kwenye diski. Inaitoa kwenye diski, inaiweka kwanza kwenye ramu, ile kumbukumbu ya muda, halafu kutoka huko ndiyo inakupelekea kwenye skrini. Hata ukinakili faili kutoka flashi kwenda kwenye diski, linapita humo humo. Ramu ni kama meza ya karani. Karatasi zote zinapita mezani, zinazoingia na zinazotoka. Kama meza ina wino uliomwagika mahali fulani, karatasi itakayoangukia hapo itachafuka, nyingine itapita salama. Leo ni picha ya shangazi, kesho ni barua. Ukizima kompyuta meza inasafishwa, karatasi zinapangwa upya, ndiyo maana picha “ilipona” asubuhi. Jioni, mashine ikipata joto, mambo yanaanza tena.

Kijana alitaka uthibitisho, na namna alivyoupata naiandika hapa kwani mtu yeyote anaweza kuifanya. Chukua faili moja kubwa, kubwa kuliko ramu yako, linakili mara mbili kwenye kompyuta unayoishuku, kisha linganisha nakala hizo kwa amri ya zamani ya fc /b, ukitaja majina ya mafaili mawili. (Fanya hivyo kwa diski isiyo na kitu cha thamani, si kwa ile mgonjwa. Sisi tuliweka diski nyingine ya kuazima.) Nakala mbili za faili moja zinatakiwa zifanane kama mapacha. Zetu hazikufanana. Na tofauti zilikuwa za aina moja tu: kila mahali ni tarakimu ile ile iliyogeuzwa. Ndani ya kompyuta kila herufi ni tarakimu nane za sifuri na moja. Geuza moja tu kati ya hizo, herufi a inakuwa c, au e, au i, au q, kutegemea ni ipi uliyoigeuza. Yetu ilikuwa inageuza a kuwa i, kila mara, haikukosea. Kijana akacheka akasema, “Mwalimu, mwizi ana alama ya kidole.” Diski ikiharibika inapoteza vipande vizima, baiti 512 au 4,096 kwa mpigo. Tarakimu moja moja, ya mahali pale pale, ni tabia ya ramu.

Kumalizia, aliwasha Memtest86+ kwa sidii. Hiyo inawaka yenyewe bila Windows, inaandika na kusoma kila kona ya ramu. Haikuchukua muda, mistari myekundu ikaanza kumiminika. Tukazima, tukatoa ramu zote mbili, tukasugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli kama mafundi wote wanavyofanya. Vumbi jekundu la huku kwetu mnalijua, hata sanduku lililofungwa linaingia. Tukapima moja moja. Moja ikapita salama usiku kucha. Ya pili ikaendelea na mistari yake. Hiyo iko juu ya dirisha hadi leo, watoto wanachezea.

Fikirini kama tungefuata shauri la kwanza. Tungefomati diski nzima isiyo na hatia, tungeweka Windows upya kupitia ramu mbovu ile ile, na baada ya wiki mbili tungekuwa tunalia tena, safari hii bila picha. Na chkdsk ingekuwa mbaya zaidi, kwani ingesoma daftari zuri kupitia meza chafu, ingeliona bovu, na ingeanza “kulirekebisha”. Kuna watu wengi, nadhani, waliozika diski nzima namna hiyo.

Sasa nije kwa yaliyoharibika kweli. Kilichosomwa tu kilikuwa salama. Lakini kilichoandikwa siku zile za ugonjwa kiliandikwa na makosa yake, na makosa hayo yakalala kwenye diski. Hapo ndipo zilipokuwa picha za harusi za jirani, na sauti ya mama, ambayo mwanangu aliihamisha kutoka C kwenda D kwa nia njema kabisa. Kuhamisha kutoka sehemu moja kwenda nyingine ni kunakili upya na kufuta ya zamani.

Sauti ilifunguka. Tulikaa wote kuisikiliza, hakuna aliyepumua. Sauti huvumilia. Tarakimu moja ikigeuka unasikia mkwaruzo mdogo na maneno yanaendelea. Tulihesabu mikwaruzo mitatu. Miwili iliangukia kwenye habari za safari ya ziwani, haikudhuru neno. Wa tatu uliangukia kwenye majina, kizazi cha sita, ukala silabi ya katikati. Mkubwa wangu, aliyekuja kusikiliza naye, akasema jina ni hivi, mimi nikasema ni vile. Tukabishana, na katika kubishana huko ndipo tulipotambua kwamba hakuna aliye hai katika nyumba yetu anayejua kwa hakika. Dada yake mama alikuwa ndiye wa mwisho, naye alizikwa miaka mingi nyuma.

Kijana alituacha tubishane. Yeye alikuwa anashughulika na kitu kingine. Faili likifutwa, kompyuta haiendi kulifuta kweli kweli, inaandika tu kwenye daftari kwamba nafasi ile sasa ni huru. Maneno yanabaki pale pale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Ile sauti ya zamani, ya kabla ya kuhamishwa, ilikuwa bado kwenye C kama haijakanyagwa. Akafungua programu inayoitwa TestDisk, nayo ni ya bure, ya mtaalamu mmoja Mfaransa, Christophe Grenier. Akaielekeza kwenye ile nakala tuliyoitengeneza, si kwenye diski yenyewe. Ikaorodhesha mafaili yaliyofutwa, kwa majina yake. La mama lilikuwemo. Akalitoa, akatuwekea.

Kizazi cha sita kilisikika wazi. Mkubwa wangu ndiye aliyekuwa sahihi, na hajaacha kunikumbusha.

Kama tungeendelea kuitumia kompyuta siku mbili tatu zaidi, kuweka nyimbo, kuweka sinema za watoto, ile nafasi ingekanyagwa. Siku nne zilikuwa zimepita na tulikuwa na bahati.

Jirani yetu hakuwa na bahati hiyo yote. Picha zake zilikuwa 140, na 23 kati ya hizo ziliingia kwenye diski zikiwa zimeharibika. Picha ya kamera, ile ya JPEG, imeandikwa kwa kubanwa kutoka juu kwenda chini, na kila kipande kinategemea kilichotangulia. Tarakimu moja ikigeuka katikati, yote ya chini yake yanapotea njia. Ndiyo sababu inakatika nusu, wakati sauti inakwaruza tu. Kadi ya kamera ilikuwa imeshafutwa na kupigiwa picha nyingine. Tukaipitishia PhotoRec, ndugu yake TestDisk, ambayo haitazami daftari hata kidogo, inapekua kadi nzima ikitafuta kila kitu kinachoanza kama picha. Tukapata tisa. Kumi na nne zikabaki nusu.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia. Sikutaka kumtuma mtoto.

“Mama, kumi na nne zimekataa. Vichwa vipo, magauni hayapo.”

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, “Na mume wake, kichwa chake kipo?” Nikamwambia kipo. “Basi, Mwalimu, kata hapo pazuri, utuchapishie. Gauni tulikodi.”

Tukazikata, zikachapishwa, ziko ukutani kwake. Mgeni asiyeambiwa hajui kitu.

Tangu hapo nyumbani kwetu kuna utaratibu ambao watoto wanauona ni wa kizee, lakini wanaufuata. Kila kitu cha familia kina nakala tatu. Moja iko kwenye kompyuta. Ya pili iko kwenye flashi inayokaa kwa mkubwa wangu, zoni nyingine kabisa, kwani nyumba zetu mnajua zinavyoezekwa, na moto haubagui flashi na godoro. Ya tatu tuliituma kwa shemeji aliye ng'ambo, akaiweka kwenye kompyuta yake. Tukinakili tunalinganisha kwa ile fc /b kabla hatujafuta cha kwanza. Hicho cha kwanza hatukifuti siku hiyo hiyo, tunakaa nacho mwezi. Na flashi usiizike sandukuni ukaisahau kwa miaka, kwani nayo inapoteza kumbukumbu ikikaa sana bila umeme. Ichomeke angalau mara moja kwa mwaka, ufungue vitu uvione, unakili upya.

Juu ya jenereta: kukatika kwa umeme ghafla ni ugonjwa mwingine. Huo hauharibu meza, unaharibu daftari, kwa sababu kompyuta inakatwa ikiwa katikati ya kuandika. Diski iliyopangwa kwa NTFS ina kumbukumbu ya kulirekebisha daftari lake ikiwaka tena, FAT32 haina, na flashi zetu nyingi ni FAT32. Faili ulilokuwa unaliandika wakati huo, hata NTFS haikuahidi kitu. Mwenye jenereta wetu sasa anagonga sufuria dakika tano kabla ya kuzima. Hiyo imetusaidia kuliko programu nyingi.

Na mkifungua sanduku la kompyuta ya zamani kupangusa vumbi, tazameni kwenye mazabodi vile vikopo vidogo vilivyosimama, kapasita. Kikopo kizima kina kichwa bapa. Kilichovimba au kuvuja majimaji ya kahawia kimekwisha, na umeme unaopita hapo hautulii tena, nayo ni njia nyingine ya kuharibu mafaili. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipata ugonjwa huo. Fundi wa redio anayejua kuchomelea anaweza kuvibadilisha.

Kompyuta yetu sasa inatembea na ramu moja, megabaiti 512. Ni mzee anayepanda mlima, ukibofya unaweza kwenda kuteka maji ndoo moja ukarudi, lakini picha ya jioni na ya asubuhi ni moja. Diski ni ile ile. Kama kuna mwenye ramu ya zamani ya aina ya DDR ya kwanza, ile yenye meno 184 na pengo moja, imelala tu nyumbani, naomba aniletee shuleni au aiache kwa wahariri wa gazeti. Tutaipima kwanza.